Bi Saa Nne wa Chumba cha Kufulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kufua mashuka ya hospitali yetu, mkuu wa idara ya ufuaji anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Jina lake halisi liko kwenye faili la ajira. Kuanzia walinzi hadi madaktari, sisi tunamjua kama Bi Saa Nne.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Siku ya kwanza ya kukaimu ukuu wa idara, alitukusanya katikati ya mashine za kukaushia akatutangazia kanuni moja: kosa likisemwa kabla ya saa nne asubuhi ni la idara nzima, likigunduliwa baada ya hapo, mwenyewe alibebe. Tuliitikia kwa heshima, kisha tukacheka chinichini. Wakuu wapya tulishawaona wengi, na maneno yao yalikuwa yakiisha kabla ya sabuni.

Wiki ya tatu, pazia jekundu la ukumbi wa mikutano liliingia kwenye mashine pamoja na magauni arobaini meupe ya chumba cha upasuaji. Aliyelipakia ni mkuu mwenyewe. Saa tatu na dakika arobaini magauni yakatoka na rangi ya waridi. Ghorofani, mkurugenzi alikuwa na wakaguzi kutoka wizarani, na barua ya kumthibitisha Bi Saa Nne cheoni ilikuwa mezani ikisubiri sahihi. Tulimsihi angoje wageni waondoke. Akachukua gauni moja, likidondosha maji ngazi nzima, akabisha hodi.

Mkurugenzi alimuuliza kama hilo lisingeweza kusubiri.

"Lingeweza, mkurugenzi," alijibu, "ila saa nne haisubiri."

Barua ilirudishwa kabatini ikakaa humo mwaka mzima. Kwa miezi miwili madaktari walipasua watu wakiwa wamevaa waridi, na daktari bingwa wetu, mtu wa kifua na ndevu, hakumsalimu mpaka magauni mapya yalipofika. Wagonjwa wawili walipozinduka waliomba wahakikishiwe kwamba bado wako duniani.

Lakini tangu siku ile watu walianza kusema. Aliyeunguza shuka alisema. Aliyechanganya mifuko ya wodi alisema. Asubuhi moja mpiga pasi, mtu mzima na watoto wake wanne, alikwenda kumnong'oneza kwamba jana yake alifunga bomba la maji nyuma ya boila, na hakuwa na hakika kama alilifungua tena. Hakugombezwa. Bi Saa Nne alizima boila, akatutoa nje sote, akamwita fundi. Fundi alirudi akijipangusa jasho, akasema maji yalikuwa karibu kukauka. Nusu saa zaidi, na boila ingepasuka tukiwa ndani.

Mpiga pasi huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Taarifa iliyopelekwa ghorofani ilisema idara ilisahau kufungua bomba, na chini yake ilikuwa sahihi ya mkuu peke yake. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akafungua kabati, akaitia sahihi ile barua.

Mwaka jana aliletwa mkufunzi wa kuwafundisha wakuu wa idara namna ya kujenga chapa binafsi ya uongozi. Alishuka hadi kwetu kuuliza chapa ya mkuu wetu ni ipi. Mwenzetu wa zamu akamwonyesha mfuko wa sabuni ya unga. Darasani kila mkuu alitakiwa kuandika misingi yake saba. Mkuu wetu aliandika mmoja, akarudisha karatasi zilizobaki. Alipoulizwa chapa yake ataijengaje, alifikiria mihuri tunayopiga kwenye pembe za mashuka.

"Chapa ni ile inayobaki shuka likishachemshwa mara mia," alisema.

Tunasikia mkufunzi sasa analifundisha hilo kwingine kama lake.

Dada yetu, asante kwa kutubeba bila kutuhesabia uzito. Mumeo, fundi cherehani, ametuahidi kwamba kuanzia Jumamosi atakufulia yeye. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi, miaka mingi ya kuvaa nguo zilizofuliwa na mtu mwingine, na moyo wa kunyamaza zisipotakata.