Mwalimu Kama-Nini na Alama Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu ni nzito, mnivumilie. Kipindi hiki nimekiahirisha mara tatu, na kukaa kimya nako kumenichosha.

Tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza wa darasa la saba. Alifundisha miaka thelathini na mmoja. Alizikwa mwezi uliopita. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kama-Nini. Ukimwambia una njaa, anakuuliza, "Kama nini?" Ukimwambia mvua ndiyo imekuchelewesha, "Mvua kama nini?" Jamani, unahangaika na jibu mpaka unasahau kuomba radhi.

Alipenda kufundisha tamathali za usemi, yale maneno ya Kiingereza yanayosema hiki yakakusudia kile. Somo hilo liliwatoa watoto jasho. Siku moja sentensi ilisema barabara ilikuwa nyoka. Mwanafunzi mmoja akaeleza: watu wakimbie, waitwe wenye fimbo. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Nyoka yukoje?" akamuuliza. "Amejipinda." "Na barabara?" Mtoto akaruka, "Loh!" Basi, somo likawa limeeleweka.

Mdogo wake, fundi viatu, alikuja hapa studio na bahasha. "Dada hakuwa mtu wa kugombana," aliniambia. "Ila hili lilimkaa rohoni. Miaka tisa, kaka. Kila Januari barua."

Narudia, miaka tisa, barua tisa. Zote kwa ofisi ya mitihani, zote kuhusu alama moja ya msichana mmoja.

Msichana huyo, mwanafunzi wake, ni binti wa fundi cherehani. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulileta sentensi ya Kiingereza yenye maana hii: mikono ya bibi yangu ni ramani. Eleza. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja tu: mikono ina makunyanzi. Binti akaandika: ukiitazama mikono yake, unajua alikopitia. Akapewa sifuri. Akakosa nafasi ya sekondari kwa alama moja. Alama moja, wasikilizaji.

Mwalimu aliomba nakala ya karatasi ile, akaipata, akaanza kuandika barua. Ofisi ilimjibu mara moja tu, kwamba barua yake imepokelewa. Yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alimsihi aache. Ameniambia kwa simu: "Nilimwambia, mwalimu wangu, mimi nimeshazoea cherehani, pumzika. Akanijibu, 'Pumzika wewe. Mimi nataka mtu mmoja tu aseme jibu lilikuwa sahihi.'" Mtu huyo hakupatikana mpaka mwalimu anaingia kaburini.

Nakala za barua zote tisa zimo ndani ya bahasha ile, na nimezisoma. Kila moja ina maneno haya: "Simlaumu msahihishaji. Karatasi zilikuwa nyingi, nadhani alikuwa amechoka."

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya redio nilikuwa mwalimu. Mwaka ule niliitwa kusahihisha. Ndani ya bahasha ipo nakala ya karatasi ile, na pembeni imeandikwa namba ya msahihishaji. Namba hiyo ni yangu.

Na sikuwa nimechoka. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza nimekunywa chai. Jibu lile nililisoma mara mbili. Nikamkumbuka mama yangu. Kisha nikatazama mwongozo, nikamwogopa kiongozi wa meza yetu, aliyekagua usahihishaji wetu, nikalikata. Mchana nikala vizuri tu.

Jana nilimweleza fundi viatu. Alimaliza kwanza kushona kiatu alichokuwa amekishika. Halafu akasema, "Kaseme redioni. Mimi usiniombe msamaha."

Kwa familia, poleni sana. Mmeondokewa na mtu aliyetufikiria mema kuliko tulivyostahili. Nanyi mnaoshika kalamu nyekundu, shuleni, ofisini, popote pale, hebu jiulizeni leo ni mangapi mmeyakata huku mnajua. Mimi nimejiuliza kwa kuchelewa, na mtu wa kumjibu hayupo tena.

Binti wa fundi cherehani, umeniambia huwa unashona huku unatusikiliza. Simamisha mashine kidogo, dada yangu. Jibu lako lilikuwa sahihi. Nilijua siku ile ile.