Mikono Isiyo ya Ivyne

Pale Adams Arcade alipanda matatu yetu msichana aliyesukwa nusu kichwa, nusu nyingine nywele zimesimama. Akaacha kiti kitupu kati yake na mama mmoja aliyepakata kabeji, vile sheria ya korona ilitaka. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Pesa ziliisha ama salonisti alikufukuza?" mama akauliza. Wamama wa Riruta hawangoji kujuana.

"Nimetoroka, auntie. Leo ndiyo saluni imefunguliwa. Nilinawa, nikapimwa joto, sote tuko na maski. Ivyne amenisuka tangu nikiwa shule. Leo nikimwita Ivyne, aliitika. Lakini mikono haikuwa yake. Ivyne huvuta mpaka unalia. Huyu alinishika polepole, kama anaogopa."

"Maski ilikuchanganya."

"Nikamwambia aishushe. Akasema, 'Mimi ni dada yake. Ivyne amelazwa, hawezi kupumua. Tunalala chumba kimoja. Tungewaambia, mngekuja?'"

Mama akasogea dirishani, ingawa hapakuwa na pa kusogea.

"Nyumbani uko na nani?"

"Mamangu. Ametoka hospitali juzi, ni kifua."

"Basi usiende kwake."

"Nilale wapi? Kwako, auntie?"

Mama akaangalia kabeji yake.

Riruta gari liliposimama, mwanamke mwembamba aliyejifunga shali alikuwa stejini, anatabasamu. Msichana akajishusha chini ya kioo.

"Auntie, huyo ndiye mamangu. Ukishuka mwambie hukuniona."

Huko nje yule mwanamke alikuwa ameanza kuchungulia, dirisha moja baada ya lingine.