Mtaa Unaishia Wapi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyenipa ulimi, na ambaye karibu ataniuliza niliutumia kwa lipi.

Sogeeni, wanangu. Hafidh, zima simu. Leo wewe si diwani, ni mwanangu wa kwanza, niliyekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, na chumbani humu hapana kipaza sauti. Rahila, mama, niinulie mto kidogo. Na wewe Ruweida, mjukuu wangu, shika lile daftari lako la skuli lililobaki kurasa, uandike ninayoyasema kama ninavyoyasema, usiyapambe. Ulitolewa kidato cha pili uje uniuguze bibi yako, na hilo nalo ni deni juu ya shingo yangu. Basi angalau kalamu yako itengeneze kidogo nilichokiharibu mie kwa dole gumba.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii na kiwanja chake, na mikarafuu kumi na mmoja niliyoachiwa na baba yangu, vigaweni kama sheria ya Mungu inavyosema, mwiteni shehe awagawie, na msije mkatoleana macho kwa sababu ya mkarafuu mmoja unaozaa kuliko mwenzake. Kasha langu la nguo nampa Ruweida, ambaye kwa sheria hanirithi.

Lakini vilikuwemo vitu katika nyumba hii ambavyo si vyangu na si vyenu. Mmekua mkiviona ghalani mkadhani ni vya mama. Zile sufuria saba za shughuli, pamoja na Ndovu, ile kubwa inayopika kilo arubaini za mchele, si zetu. Zilinunuliwa mwaka ambao karafuu zilizaa mpaka matawi yakakatika. Kila nyumba, ya huku juu Mkadini na ya kule chini Bondeni, ilitoa pishi moja ya karafuu kavu, zikauzwa, zikaletwa sufuria. Zikawekwa kwangu si kwa ubora wangu, bali kwa kuwa nyumba hii iko katikati, jiko langu linatazama chini na baraza yangu inatazama juu. Harusi ikiwa kwa nani, maziko yakiwa kwa nani, watu walikuja hapa kuchukua sufuria. Na mtu mgeni akiuliza, fulani naye ni wa mtaa huu? tulimjibu, alitoa pishi. Wanangu, mtaa wetu haukuwa na ramani. Ulikuwa na sufuria.

Kisha zikaja siasa za vyama, mkiwa wadogo. Hafidh unakumbuka, Rahila ulikuwa bado unanyonya. Mkadini wengi wetu tulikuwa na bendera moja, kwa kuwa wazee wetu walipata kazi za serikali, na Bondeni walikuwa na nyingine, kwa kuwa wao walipata jembe na nyundo ya kuvunjia kokoto. Watu wakasusiana. Hujui kususiana mpaka umetembeza maandazi yako ukarudi nayo yote nyumbani yamelala, na jirani uliyemkatia kitovu mtoto wake amepita mbele yako ameinamisha kichwa. Katika mwaka ule ndipo baba yenu Ame akafa. Wanaume waliompeleka kaburini hawakutimia ishirini, na Bondeni hakupanda hata mmoja. Nilikaa eda yangu na kidonda hicho, nikakifunga kitambaa, nikakilea kama mtoto.

Nilisema hakupanda hata mmoja. Nimesema uongo, Ruweida, lakini usifute. Alipanda mmoja. Umkulthum. Alikuja mchana, jua la saa saba, kwa mlango wa jikoni, kachukua mzigo wa kuni kichwani na mchele kwenye upande wa kanga. Wenziwe walimzomea njia nzima, wakimwita mke wa bendera mbili. Akatua kuni, akaniambia, "Bi Time, mie siasa nimeziacha pale chini kwenye mfereji, nitazichukua nikirudi." Nikacheka, na maiti ya mume wangu imo ndani. Mtu aliyekuchekesha siku ile, huna cha kumlipa duniani.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa.

Miaka ikapita, kususiana kukapoa, watu wakarudi kuazima sufuria, mie nikiwapa kwa mkono na si kwa moyo. Ndipo tukasikia mji unapanuka. Mipaka inapimwa upya; watakaoingia ndani watapata bomba, taa za njiani na gari la taka, na watapata diwani wao. Hafidh ukautaka udiwani. Na Masoud, mtoto wa Umkulthum, akautaka. Wote wawili mmecheza mpira pamoja, mmekwenda Gombani kutazama mechi kwa kupakizana kwenye baiskeli moja. Lakini Bondeni wana vichwa vingi kuliko sisi, na kila mtu alijua kuwa tukiingia mjini mtaa mzima, atakayekaa kitini ni Masoud.

Hafidh, usinitazame hivyo, mwanangu, sikushitaki, nakumbusha. Ulikuja ukakaa pale pale ulipokaa sasa, ukaniambia, "Mama, wakikuuliza, wewe ndiye mkubwa wa mtaa, neno lako ndilo litakaloandikwa. Ukisema mtaa unafika chini, mwanao hana kitu." Nikakwambia, mie siapi uongo. Ukacheka ukasema, "Nani kakwambia uape? Utaonyesha kwa kidole tu."

Walikuja watu wa vipimo asubuhi, na sheha anayesimamia shehia yetu, na msichana mmoja mpole amevaa miwani. Nilikuwa jikoni. Umkulthum alikuwa ghalani, amekuja kuichukua Ndovu kwa harusi ya binti yake. Msichana akaniuliza kwa adabu, "Bibi, mtaa huu unaishia wapi?"

Nilimwona Ame amelala katika sanda na watu wachache mlangoni. Wallahi nilimwona. Nikanyoosha kidole nikasema, "Unaishia hapa. Kwenye ukuta wa jiko langu."

"Na wale wa kule chini?"

"Wale ni wengine."

Akaandika. Akanipa karatasi, nikatia dole gumba. Nilipogeuka, Umkulthum alikuwa kasimama mlangoni mwa ghala, Ndovu iko mikononi mwake. Aliiweka chini taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesinzia, akashuka. Tangu siku ile, mwaka wa sita huu, hapana mtu wa Bondeni aliyekuja kuazima sufuria. Harusi ya bintiye sikuisikia hata ngoma.

Mliyoyaona baadaye hayahitaji wino mwingi. Bomba lilikuja likasimama ukutani kwangu, kana kwamba limeona chatu. Taa zikaja, ya mwisho inamulika jiko langu na mgongo wake umeipa Bondeni. Gari la taka linapita Mkadini Jumatatu na Alkhamisi, linazoa maganda yetu na nepi zetu, kisha linakwenda kumwaga wapi? Kule Bondeni, kwa kuwa pale sasa ni nje ya mji, na nje ya mji ndiko jaa linakoruhusiwa. Yaani uchafu wetu unavuka mpaka, maji yetu hayavuki.

Masika ya mwaka juzi taka ziliziba mfereji. Maji yakapanda majumbani mwao, yakaingia kisimani, watoto wakaanza kutapika na kuharisha. Mjukuu wa Umkulthum, Asma, miaka minne, akafa. Nilikisikia kilio nikiwa nimekaa jikoni. Ni mbali gani? Ukitupa jiwe linafika. Sikushuka. Nilijiambia miguu inaniuma. Khitma ya mtoto yule walipika wali kwenye madebe ya mafuta, na sufuria zao saba zimefunikwa ghalani kwangu, safi, zinang'aa. Ame walimsusia wenye hasira. Asma nilimsusia mie mwenye akili zangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wala mie sikuombeni mnipe.

Nilijaribu, msije mkasema sikujaribu. Nilikwambia Hafidh ulirudishe jambo hili kwenye baraza la madiwani, ukanijibu ramani imeshapita. Nikakwambia tena, ukanijibu, "Mama, unanipigia kampeni ya kunishusha." Basi nikamchukua Ruweida, tukapanda bajaji mpaka ofisi ya ramani. Nikamwambia kijana aliyekuwepo, mie ndiye niliyesema mtaa unaishia jikoni kwangu, nilisema uongo, nimekuja kuutengua. Akatafuta, akaiona karatasi, akafurahi kabisa. "Ndio, bibi, ushahidi wako upo, na dole lako hili hapa." Nikamwambia, basi chukua dole jingine. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Fomu ya kushuhudia tunayo, bibi. Ya kutengua hatuna."

Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Wakatuletea chai. Kurudi kwangu ndiko kulikonilaza, mkono huu haukunyanyuka tena. Wanangu, neno langu lilikuwa na nguvu za kuugawa mtaa, na halina nguvu za kuuunga. Ningalijua ulimi una njia moja tu ya kwendea...

Nipe maji, Rahila. Kidogo tu.

Sheria inaniruhusu kutoa theluthi kwa asiyenirithi. Ruweida, andika vizuri hapa: ile sehemu ya nyuma ya jiko langu, hatua kumi na mbili kwa upana, kutoka ukutani mpaka mferejini, naitoa wakfu iwe njia ya maji ya kwenda Bondeni. Hafidh ameshaniambia kuwa bomba halipiti kwa wosia, linapita kwa kibali. Najua, baba. Sina kibali, nina hatua kumi na mbili. Bomba likija, lipite. Lisipokuja, wapite watu na ndoo zao, na bomba la nje hapo msilifunge kwa kufuli. Na ukuta ule wa tofali ulioanza kuujenga hapo nyuma, Hafidh, usiuendeleze. Sikulazimishi, sina mkono wa kukulazimisha. Nakuomba. Hujawahi kumsikia mama yako akikuomba, umesikia leo.

Sufuria nimeshazirudisha. Juzi Rahila alizishusha kwa gari la ng'ombe, zote saba na mifuniko yake. Rahila, sema tena mbele ya kaka yako alivyokwambia Umkulthum. Basi, acha, nitasema mie, wewe unalia. Alizihesabu. Akasema, "Tulitoa pishi, zikanunuliwa saba, zimerudi saba." Rahila akamwambia, mama anaomba radhi yako, na anaomba siku yake ikifika wewe ndiye umwoshe. Maana mnajua, hapana mwanamke aliyekufa huku wala kule katika miaka thelathini asiyepita mikononi mwa Umkulthum. Amemwosha mama yangu, na amemwosha Asma wake mwenyewe.

Akajibu, "Kumwosha nitakuja, maiti haulizwi shehia yake. Mwosha huoshwa, na mie yangu yaja. Lakini radhi haitumiwi mtu kama chumvi. Kama ninayo, nitampa mwenyewe nikiwa namwosha."

Nikiwa nimeoshwa, wanangu! Mwanamke yule alinichekesha siku ya maiti ya mume wangu, na juzi kanichekesha tena kwa maiti yangu mwenyewe. Nilicheka mpaka Ruweida akadhani nakata roho. Kisha nikaona sina la kufanya. Siwezi kushuka, yeye hapandi, na saa atakayopanda mie sitosikia.

Basi wasia wangu ni huu. Nikifa, msimzuie mtu yeyote wa Bondeni mlangoni. Wasipokuja, msiwalaumu, msiseme wametususia, semeni mama yetu alianza. Hafidh, usilete viti na turubai na watu wa kupiga picha. Unizike kando ya Ame. Na ukipita njia hiyo na gari lako, ukakutana na Masoud, teremka umpe mkono kwanza wewe. Mkono hauhitaji fomu.

Rahila, mrudishe mtoto huyu skuli. Nikishaondoka hapana wa kuuguza tena, wala hapana kisingizio.

Ruweida... njoo karibu, sauti inakwisha. Siku ya kuoshwa, uwe ndani. Ushike kopo la maji, wewe, si mwingine. Umsikilize Umkulthum. Uniazime masikio yako. Akisema amenisamehe, andika hapa chini. Akisema hajasamehe, andika. Akinyamaza, andika kanyamaza. Usinionee huruma ukaandika lisilokuwepo. Uongo wa karatasi... mmeuona.

Mungu awape nyinyi majirani. Si mali, majirani. Awape wa kukufungulieni mlango wa jikoni siku mbaya. Awalinde na vidole vyenu. Nimekuridhieni, Hafidh, nimekuridhia na wewe, usilie. Rahila. Ruweida. Fungueni dirisha hilo la jikoni... hilo, la chini. Nataka kusikia kama wanapika...

*

Bibi alifariki siku ya tatu, asubuhi. Bi Umkulthum alikuja, kwa mlango wa jikoni. Nilishika kopo mimi. Aliniuliza maji haya yametoka wapi, nikamwambia bombani. Akayatazama ndani ya ndoo, kisha akamwosha bibi vizuri mpaka mwisho.

Kanyamaza.