Tundu la Nasriya

Sogeeni, wajukuu, na anayetafuna ameze kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele. Ilikuwa Matrah, ng'ambo ya bahari, baridi ya pili tangu watu wetu watoke Unguja na nguo za mgongoni. Upepo wa kaskazini ulikata masikio. Baada ya alasiri wanaume walikaa barazani kwa Muslim, waliyemwita Samli kwa kuwa kwake samli ni dawa ya kila kitu, dele la kahawa katikati. Sleyum alikaa pembeni, jicho mlangoni kwake, ng'ambo ya kichochoro. Ndani alikuwamo mkewe Mahbuba, mzazi wa wiki mbili, na kichanga chao Nasriya. Blanketi lilikuwa moja, tena lenye matundu.

Sleyum akaeleza alivyofanya: kama kwa mama yake Unguja, kamwekea mzazi jiko la mkaa chini ya kitanda, kampikia uji wa pilipili manga, kamwambia akomee mlango. Hata tundu la juu ukutani kalishindilia gunia.

Aflah, waliyemwita Redio, akakuna kidevu. La gunia lilikuwa shauri lake.

— Nlikwambia mimi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Uji mtupu hauleti joto, Samli akasema. Kijiko cha samli asubuhi, kijiko jioni, blanketi la nini?

— Samli naipata wapi, ami? Kwangu dengu na tende, kesho tende na dengu.

Redio akasema tende ni moto tosha: kaanga kokwa zake, zilalie, utaamka na jasho. Samli akampita: mbuzi alale chumbani na wenyewe, kwani mgeni njoo mwenyeji apone, na mbuzi ndiye mgeni. Wakacheka. Sleyum alicheka nusu. Saa kama hizi Nasriya hulia, kichochoro kizima kikamsikia. Leo kimya.

— Keshalala, Redio akasema. Joto hilo.

— Yule hulia hata akishiba.

— Basi shukuru, bwana. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Samli akamtazama Redio, asicheke.

Hapo akatokea Bakhit, binamu wa Mahbuba, kateremka kutoka Nizwa na blanketi la sufu ya mbuzi kwapani. Akatoa salamu.

— Sleyum, nimebisha hodi kwako mpaka mkono unaniuma. Mama mtoto kenda wapi?

Mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake, na kila aliyekaa pale alilijua hilo.

Kikombe kilimponyoka Sleyum. Aliuvunja mlango kwa bega. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi hata kidogo, na Mahbuba kalegea, mtoto kifuani. Bakhit akalichomoa gunia. Wakawatoa uani, kwenye upepo ule ule waliokuwa wakiukimbia. Mahbuba akatapika, akafumbua macho, akauliza mtoto. Samli alikuwa akisoma dua. Redio, siku hiyo, hakuwa na habari.

Kisha Nasriya akalia. Sleyum akakaa chini vumbini, akalia naye.

Basi blanketi la Bakhit alirithi Nasriya, na mpaka leo linanuka mbuzi. Jiko Mahbuba alimpa Redio, liishie barazani, nje. Wana wa Redio wamelirithi, wanapashia kahawa. Nyumba wamerithi wajukuu wa Sleyum. Wametia milango mipya na madirisha ya vioo, lakini tundu la ukutani hakuna aliyethubutu kuliziba. Fundi akiuliza, huambiwa: hilo liache, lina mwenyewe.