Mama Nuria na Chupa Iliyogoma

Baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, Mwalimu Paskalia, au Mama Nuria kwa sisi tuliomzoea, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Tarehe hiyo naitaja kwa makusudi, maana mwenyewe anajifanya hajaisikia.

Alianza kazi Lulindi mwaka 1991, kisha akahamia hapa Newala kufundisha baiolojia, na tangu hapo hatujapumua. Huku juu mlimani hata maji ya kunywa tunayahangaikia, lakini yeye hoja yake ni bahari tu. Hasa vile vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, ambavyo vitabuni vinaitwa fitoplanktoni. Ukisema samaki wa leo mtamu, atakuuliza kama unajua alikula nini na huyo aliyeliwa alilishwa na nani. Ugali unapoa.

Kila mwaka hupanda basi hadi Mtwara na kurudi na dumu la maji ya bahari, abiria wote wakimwangalia. Anajaza chupa tatu. Ya kwanza haitii kitu, ya pili anaitia mbolea kidogo, na zote mbili zinakaa kwenye dirisha la chumba cha walimu, penye jua. Ya tatu ina mbolea pia, ila inafungiwa kabatini. Wiki mbili hivi zikipita, ya pili inakuwa kijani, ya kwanza na ya kabatini hazibadiliki. Hapo ndipo anapoeleza kwamba vijimea hivyo vinataka chakula na mwanga. Chakula kinaletwa na mito inayosomba rutuba ya mashamba yetu, na pepo zinazovuruga maji na kupandisha rutuba iliyozama. Lakini mto ukileta tope jingi, mwanga haupenyi, na chakula chote kinakuwa kazi bure. Somo hili hata kuku wa shule wanalijua.

Balaa ni kwamba maji ya bahari hayafichiki. Watu wanayataka ya kuogea, waondoe nuksi. Mzee Nikolao, mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja, alizichungulia chupa kutoka barazani, akaomba: "Mama Nuria, nitilie japo kikombe kimoja. Nimeandamwa mno." Mama Nuria akampa shikamoo yake, akamkalisha, akamfundisha fitoplanktoni mwanzo hadi mwisho. Mzee akaondoka na elimu bila maji, na malalamiko akaniletea mimi, makamu mkuu wa shule.

Mwaka huu ameapa kutokabidhi ufunguo wa maabara mpaka Kidato cha Tatu, darasa lake la mwisho, waione chupa ikigeuka kijani. Wiki mbili zikapita, na wiki ya tatu, chupa ya pili bado nyeupe pe! Mwalimu Ziada, anayempokea somo, akabaki anazunguka mlangoni. Mama Nuria akalaumu mbolea, akalaumu dumu, mwisho akajilaumu mwenyewe, akasema labda kazi imeshamshinda. Neno hilo liliniudhi kuliko chupa zote. Mtu hawezi kutusumbua miaka yote hii halafu aage kwa kusema hivyo.

Juzi Agatha wa Kidato cha Tatu akaingia chumba cha walimu, akasimama mbele ya chupa, akasema, "Mwalimu, chakula kipo. Mwanga ndio hamna." Akaonyesha pazia. Kamati ya sherehe ya kumuaga, na mwenyekiti wake ni mimi, ilikuwa imetundika pazia zito kwenye vioo, wapitao barazani wasizione chupa wakaanza kuomba maji. Tulikuwa tumeligeuza dirisha kuwa kabati! Na Mama Nuria mwenyewe alikuwa amelisifia rangi yake.

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akampa Ziada, chupa ikiwa bado haijabadilika hata kidogo.

Asante, Mama Nuria, kwa kutuchosha namna hii. Kapumzike kwa raha na afya. Pazia tumeliondoa, na chupa ikigeuka kijani Agatha atakupigia simu. Tafadhali, usirudi na dumu.

Mwl. Alfredi, Makamu Mkuu wa Shule