Posho ya Kidogokidogo

Wewe, kama unalipwa posho ya wazee kwa kadi, huwa unaitoa yote mara moja? Kwenye basi la Kabuga, mbele yangu alikaa bibi mmoja, mzee mwenzangu, kadi ameifunga kwenye pindo la kitenge. Dada muuza vitambaa, furushi lake magotini, alikuwa anamkemea kama wamejuana miaka.

"Mukecuru, bibi yangu, kila ukitoa elfu moja wanakukata ada. Unakilisha kile kimashine cha wakala kuliko unavyokula mwenyewe. Toa yote, ukae nyumbani."

"Nyumbani nitakaa na nani, mwanangu?"

"Na pesa yako."

Nilicheka, nikageukia dirisha. Bibi hakucheka. Alisema zamani posho waliipokea kwenye ofisi ya sekta. Walikaa kwenye benchi toka asubuhi, wakigawana viazi vitamu vya baridi. Karani akiita jina, mwenyewe anaitika "Karame", ndivyo tulivyolelewa kuitika, na benchi zima linageuka kumtazama.

"Foleni ilikuwa inawachosha," dada akasema. "Kadi imewapunguzia."

"Imetupunguzia kweli."

Basi likaingia kituoni, watu wakainuka. Dada alikwisha beba furushi lake. "Sasa kwa wakala unafuata nini kila siku, kama si pesa?"

Bibi alifungua lile fundo, akatazama kadi, akalifunga tena.

"Kimashine kinataka namba tu. Lakini yule binti wa wakala huwa anasoma jina langu kwanza, kwa sauti: Nyirarukundo. Mimi nilitaka kuitwa, niitike."