Samli ya Mama Jatani

Kijiwe chetu kiko Garsen, nyuma ya stendi, pale Salama anapochemsha kahawa ya tangawizi kwa makaa ya mti wa mathenge. Ukituuliza jambo lolote tutakujibu, na tukikosea tutakujibu tena kwa sauti kubwa zaidi. Wa kwanza ni Chande, mkulima wa Ngao. Tunamwita Dakta kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi wa lango la hospitali. Yuko Fumo wa Kipini, mchuuzi wa samaki, anayeamini Kiswahili ni chao na sisi wengine tumeazima. Na yuko mzee Wario, mfugaji wa Kiorma, tunayemwita Zizi. Ukame ulimchukulia ng'ombe karibu wote, lakini jina hatukumpokonya, na anayetaka kulicheka aende akalicheke kijiwe kingine. Jana baada ya alasiri Wario alikuja na kibuyu cha samli, akakibana katikati ya miguu, kakunja uso.

CHANDE: Zizi, hiyo samli unapeleka wapi?

WARIO: Nyumbani. Lakini nyumbani imekataliwa.

FUMO: Samli? Imekataliwa na nani?

WARIO: Mama Jatani. Amesema nikileta tena, kesho anapanda gari anakwenda kwa kaka yake, Witu. Ananiacha.

Dahabo, mama yake Jatani, ndiye mwanamke mnene kuliko wote upande wetu wa mji. Wario akiwa naye sokoni hupunguza mwendo makusudi, ili kila mtu amalize kuangalia.

WARIO: Kwetu mwanaume haulizwi ana ng'ombe ngapi. Watu wanaangalia mke yake. Ng'ombe yangu imekufa, sawa, Mungu amechukua. Lakini Mama Jatani akipita, nani anasema Wario ni maskini?

CHANDE: Hayupo!

FUMO: Hata mimi wangu, alhamdulillahi. Akiketi upande mmoja wa kitanda, mimi huinuka upande wa pili bila kutaka.

CHANDE: Hiyo kidogo. Wangu akipanda mtumbwi, mwenye mtumbwi anawaambia abiria wengine wangoje.

MIMI: Wangu alienda kushona dera moja, fundi akafunga duka. Kitambaa kimeisha.

Tulijivuna pale mpaka Salama akatuachia birika na kwenda kuchochea moto. Wario peke yake hakucheka.

WARIO: Sasa nesi ameharibu. Mama Jatani ameacha kuona mwezi. Usiku mwili inawaka, jasho inatoka, halafu anashikwa na baridi. Moyo inakimbia. Analia na hakuna msiba. Nesi amesema hii ni umri, si ugonjwa, lakini uzito ikizidi, joto nayo inazidi. Apunguze mafuta, atembee. Apunguze! Zizi ndiyo hiyo imebaki, na yeye anataka kuipunguza!

CHANDE: Nesi amekosea. Mimi nimekaa hospitali.

FUMO: Langoni.

CHANDE: Langoni ndiko kila mgonjwa anapita. Sikilizeni. Damu ya mwezi ikikatika haijaenda popote. Inarudi ndani, inatafuta njia. Inayochemka ndiyo jasho. Inayoganda ndiyo unene.

FUMO: Nduu yangu, si damu, ni bati. Ulimtoa katika nyumba ya nyasi ukamtia chini ya bati.

CHANDE: Mbona wewe uko chini ya bati na hutoki jasho?

FUMO: Mimi mwembamba. Joto likija halina pa kukaa.

MIMI: Jamani, ni makaa ya mathenge. Ule mti unang'oa mbuzi meno. Mwanamke aliyekaa mbele ya moshi wake maisha yote, unadhani atabaki salama?

CHANDE: Basi ongeza na mto. Mama zetu walikunywa maji ya mto wakazeeka wamepoa. Mto umehama, hawa wanakunywa ya kisima, yana chumvi. Damu iliyorudi ukiitia chumvi, hiyo si supu?

FUMO: Mwaacha mnara wa simu! Mnara hutafuta mwili mkubwa wa kupokelea. Mama Jatani ashika mtandao wa Garsen nzima. Watu wakipiga simu, yeye apanda joto.

WARIO: Lakini joto inakuja karibu na alfajiri.

FUMO: Ndio saa watu wa Arabuni wanapiga.

Hilo lilitutosha. Likabaki la samli, na Fumo akalimaliza upesi.

FUMO: Usimpe mkononi. Itie ndani ya uji. Atakunywa, hatajua, na Witu hatakwenda.

WARIO: Hatajua?

CHANDE: Atajuaje? Tia na tangawizi.

Uso wa Wario ukakunjuka. Alikuwa ameshaanza kukifungua kibuyu atuonyeshe jinsi samli ilivyo safi, Dahabo akatokea barabarani. Amevaa dera, mtandio kichwani, na miguuni raba za mwanawe Jatani. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini alitembea amenyooka. Kusema kweli, alipendeza.

DAHABO: Asalaam aleikum, wazee.

SISI: Waaleikum salaam, Mama Jatani. Karibu ukae.

DAHABO: Nikikaa sitainuka. Natoka darajani.

CHANDE: Kwa mguu?

DAHABO: Kwa hii yangu miwili.

Wario akatupia shuka juu ya kibuyu. Dahabo alikuwa ameshakiona.

FUMO: Mama Jatani, hali yako tumeijua. Ni mnara.

CHANDE: Ni damu.

MIMI: Makaa.

WARIO: Umesikia? Na mimi mume yako najua hii mwili kuliko nesi. Mimi ndiye nimeijenga.

DAHABO: Umeijenga, sikatai. Wakati wa njaa ulilala bila kula, mimi nikanywa maziwa. Nakumbuka. Basi nikuulize kitu kimoja tu, Baba Jatani. Jana usiku nililala wapi?

WARIO: Kitandani.

Dahabo akamtazama tu.

WARIO: Kwa watoto?

Akaendelea kumtazama. Wario akamgeukia Chande, Chande akawa anachungulia kikombe chake. Akamgeukia Fumo, Fumo akakohoa. Mimi sikutaka anifikie, nikainama kufunga kiatu.

WARIO: Sijui.

DAHABO: Nje. Juu ya ngozi, karibu na zizi. Tangu mfungo ni hivyo. Mbu wananila, lakini upepo wa mto unanipoza. Alfajiri narudi ndani kabla hujaamka, ili asije mtu kusema mke wa Wario analala nje. Heshima yako na mimi naitunza. Lakini nimechoka, Baba Jatani. Nataka kulala usingizi.

Wario aliondoa shuka, akakichukua kibuyu, akampelekea Salama na kumwambia akaangie buni za kahawa, awape wapita njia wote. Kisha akarudi akasimama mbele ya mkewe.

WARIO: Leo nitandike ngozi mbili?

DAHABO: Na mbu?

WARIO: Mimi nimelala porini na simba, niogope mbu?

Dahabo akacheka, cheko la tumbo zima, akashika njia. Wario akaokota fimbo yake akamfuata, na ilimbidi akaze mwendo. Niliwaonea fahari wote wawili, siwezi kuficha.

Chande akaweka kikombe chini.

CHANDE: Naenda nyumbani mara moja. Kuna kitu nataka kuuliza.

FUMO: Ningoje, nduu yangu. Na mimi.

Nikabaki na Salama na birika lililojaa. Huko mbele bodaboda walikuwa wameziba barabara kama kawaida yao, na sauti ya Wario ikafika mpaka kijiweni.

WARIO: Pisheni! Pisheni hapo! Mke yangu anatembea!